Kinyonga si mjusi kafiri, wala chupa si nyumba yake



Kamati ya jarida iliniomba niandike juu ya nidhamu. Nimeamua kuandika juu ya kinyonga, na mwenye subira ya kusoma mpaka mwisho ataona kwamba sikutoka mbali na nilichoombwa.

Mwezi wa Januari vijana wawili wa juzuu amma walimkuta kinyonga kwenye ua wetu wa michongoma. Mmoja alikwisha vua kandambili ampige, akitaraji thawabu. Wa pili alitaka kumfuga. Nikamtetea wa pili, nikawapa chupa kubwa ya kioo, wakatoboa kifuniko na kuiweka barazani pamoja na kisahani cha maji. Nilijiona nimefanya hisani. Kesho yake alasiri jua likageuka likaipiga ile chupa, na tulipotoka kuswali tulimkuta amepauka, mdomo wazi, amekufa. Maji ya kisahani hayakupungua hata tone. Kosa lile lilikuwa langu mwalimu, si la watoto, na ndilo lililonifanya niulize na kusoma.

Nianze na yule wa kandambili. Hadithi mnayoitaja inamzungumzia wazagh, huyu tunayemwita mjusi kafiri. Kinyonga kwa Kiarabu ni hirbaa, naye hatajwi humo. Hana sumu na hamdhuru mtu. Anayejitafutia thawabu kwa kumponda hajaelewa alichosomeshwa. Na wale wanaomtia ugoro mdomoni ili wacheke anavyogeuka rangi, nawaambia wazi kwamba huo ni ukatili. Yule anababaika kwa sumu ya tumbaku, hachezi.

Sasa tuje kwa wa pili, aliyetaka kufuga. Kufuga kwenyewe si haramu. Mdogo wake Anas bin Malik, Abu Umayr, alikuwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania kwacho. Lakini tunajua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Ukishafunga mlango, riziki ya aliyemo ndani imekuwa juu ya shingo yako. Swali ni je, unaijua riziki ya kinyonga?

Kinyonga haoni maana ya maji yaliyotulia. Hunywa matone juu ya majani, umande au mvua. Kwa hiyo anayemfuga humjengea tundu la wavu, si la kioo, refu kwenda juu, lenye mti ndani yake, likae nje penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Jua analihitaji ili mifupa yake isilegee. Tena awe peke yake, maana wawili wakifungiwa pamoja hupigana au mmoja hunyong'onyea.

Na misimu nayo haifanani. Wakati wa kiangazi, majani hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, na juu ya tundu huning'inizwa kopo lililotobolewa kwa sindano lidondoshe tone moja moja. Masika maji si tatizo, ila sakafu ya tundu isituame, na sehemu ya juu ifunikwe apate pa kujikinga. Masika hayo hayo siafu huhama, na aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Miguu ya tundu isipokaa ndani ya makopo ya maji, asubuhi utakuta mifupa. Kipupwe damu yake hupoa pamoja na hewa. Ukimwona asubuhi amekuwa mweusi, usidhani anaumwa, anavuta joto la jua, na kama tundu limeegemezwa upande wa magharibi mwa nyumba atalisubiri kwa muda mrefu. Vuli wadudu ni tele, ila usimpe panzi au mende aliyetoka mahali palipopigwa dawa. Na jike akijaa mayai hushuka chini kutafuta udongo wa kuchimba. Asipoupata, mayai humfia tumboni naye hufa.

Wazazi, nani kati yetu atayafanya haya mwaka mzima, wakati hata mbuzi wa majirani tunawalalamikia? Tena kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali, na kinyonga ni mnyamapori. Milima yetu ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na mwaka 2006 wataalamu walipohitaji jina la kundi moja la vinyonga wa Afrika Mashariki walichukua neno letu wenyewe, wakaliita Kinyongia. Vinyonga wa milima hii walisafirishwa nje kwa biashara kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016.

Wala mtu asiseme atamfuga kidogo kisha amwachie popote. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu walipelekwa Hawaii kutoka Kenya. Walifika wamedhoofika, mwenye duka la wanyama akawaachia bustanini kwake wapate nafuu. Wakatoroka, wakazaliana, na hadi leo wanakula konokono na wadudu wa visiwa vile ambao hawakuumbiwa kuwakimbia. Anayemwachia kinyonga amrudishe kwenye kichaka kile kile alikomtoa.

Rai yangu ni kwamba tusimfungie. Ua wetu wa michongoma una jua, kivuli, umande na panzi, na hauna mlango. Nimeiomba kamati ya wazazi tuukate nusu nusu, upande mmoja mwaka huu na mwingine mwakani, na dawa ya wadudu isipigwe upande ule. Usiku kinyonga hupauka akilala, kwa hiyo anaonekana vizuri kwa tochi. Ijumaa iliyopita baada ya Isha tulihesabu watatu. Aliyeshika tochi ni yule yule kijana wa kandambili, na alikuwa akiwanyamazisha wenzake wasiwaamshe.

Wabillahi tawfiq.