Gharama Haimo Ndani ya Sanduku

Taja gari la umeme popote Nairobi na hutakosa mjuaji wa kukwambia: "Gari utapata, lakini mashine ya kulichajia nyumbani utaiweza?" Mazungumzo huishia hapo. Watu wameamini kwamba bila lile sanduku la ukutani, lenye taa za kijani na programu ya simu, gari litakulalia uani kama ng'ombe aliyenyimwa malisho. Si kweli, na anayefaidi imani hiyo ni muuza masanduku.

Kwanza, sanduku hilo si chaja. Chaja imo ndani ya gari. Sanduku huuliza gari kama liko tayari, hufungulia stima, na kuikata mambo yakiharibika. Nissan Leaf nyingi zinazoshushwa Mombasa zikiwa zimetumika Japan zina chaja ya takriban kilowati 3, chache 6. Zile nyingi uzifungie sanduku la kilowati 7 au 22, zitavuta 3 zao na si zaidi. Kilowati nyingine umemlipa muuzaji bure.

Bila sanduku hilo, soketi ya kawaida inatosha. Soketi zetu za pini tatu ni za ampea 13. Gari likivuta ampea 10 kwa volti 240, hizo ni kilowati 2.4. Lichomeke saa tatu usiku, ulichomoe saa kumi na mbili asubuhi: yuniti 21 na kidogo, zinazotosha zaidi ya kilomita 100. Anayeishi Thika na kufanya kazi katikati ya Nairobi hafikishi umbali huo kwenda na kurudi.

Mjuaji atasema nyaya za nyumbani hazihimili. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe kila asubuhi anaoga chini ya shawa ya umeme kutoka Brazil inayokula kilowati 5 na ushei, na hajawahi kuita mhandisi ndipo aoge.

Lakini shawa ni ya dakika chache; gari ni la usiku kucha. Soketi iliyolegea, isiyomsumbua mpiga pasi, hupata joto polepole kwa saa tisa hadi plastiki yake iyeyuke. Hapo ndipo pesa ziende: laini ya gari peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, kebo ya milimita 6 za mraba, breka yake, kifaa cha kukata stima inapovuja, na nondo ya shaba iliyozamishwa ardhini sawasawa. (Kachungulie waya wako wa ardhi; si nyumba moja ambamo upo kwa jina tu.) Kebo huuzwa kwa mita, kwa hiyo umbali kutoka boksi la fyuzi hadi unapoegesha unaweza kukutoa pesa nyingi kuliko sanduku lenyewe. Ongeza ujira wa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini. Lakini tunafanya kinyume: mtu ananunua sanduku la bei ya pikipiki, kisha anamwambia fundi atumie waya uliobaki walipomaliza kujenga.

Mwenye malalamiko ya haki ni mpangaji wa ghorofa ya tano Kilimani. Mita yake iko upande huu, gari upande ule, na ukuta si wake. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo haipiti kwenye mita ya kawaida ya nyumbani, na mita ya pili ataifunga wapi? Hata sanduku akipewa bure, litabaki kwenye katoni. Anachotaka ni ruhusa ya mwenye nyumba kupitisha kebo chini ya saruji ya maegesho, na maandishi yanayosema kebo hiyo itakuwa ya nani siku atakapohama.