Goma: WhatsApp, Signal ama Briar? Hatari iko kwanza mkononi

Tangu M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, kuna wakaaji wenye kupitia simu yao kabla ya kutoka nyumbani: picha zinafutwa, sauti zinafutwa, vikundi vinaachwa. Wengine wanauliza programu gani ya ujumbe inatunza siri.

Karibu kila mtu yuko kwenye WhatsApp, juu familia yote iko pale. Tangu 2016 ujumbe wake unafungwa toka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, kwa ufundi ule ule wa Signal. Kampuni ya Meta haiusomi. Lakini inajua nani anamwandikia nani na saa ngapi. Tena maandishi ya ndani ya programu hiyo hayako wazi kwa mtaalamu wa nje, na nakala inayowekwa Google Drive haifungwi vile kama mwenye simu hajaiwasha mwenyewe.

Signal ni huria: yeyote mwenye ujuzi, hata akiwa Bukavu, anaweza kusoma namna imetengenezwa. Iko chini ya shirika lisilotafuta faida, lililoanza 2018 kwa dola milioni 50 za Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp. Mwaka 2016, sheria ya Marekani ilipoibana itoe habari za mtumiaji, ilikuwa na tarehe mbili tu: siku akaunti ilifunguliwa na siku ya mwisho iliunganishwa. Telegram, ambayo wengi wanaidhania ya siri, haifungi mazungumzo ya kawaida toka simu hadi simu. Vikundi hata kidogo.

Basi Signal inashinda? Kwa ufundi, ndiyo. Lakini Goma hatari ya kwanza haipiti hewani. Ni mtu anayesema: «Fungua simu.» Pale kufungwa kwa njiani hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni ujumbe wenye kujifuta: Signal inakubali toka sekunde chache hadi wiki 4, WhatsApp nayo iko na saa 24, siku 7 ama 90. Na simu yenye Signal peke yake inaweza kuleta swali: «Unaficha nini mule?» Afadhali WhatsApp ibaki na salamu za mama na habari za soko, Signal ibebe yale machache mazito.

Kuna pia namba. Kikundi cha mutaa chenye watu 300 kinaonyesha namba ya kila mmoja. Simu moja ikikamatwa, wote wamejulikana, na laini nyingi ziko kwa jina la mwenyewe. Tangu Februari 2024, Signal inaruhusu kujulikana kwa jina la kujichagulia, namba ikafichwa, hata kama bado inahitajika kwa kujiandikisha.

Na mtandao ukikatika? Ilitokea nchi nzima kisha uchaguzi wa Desemba 2018, ikatokea tena Goma wakati wa mapigano ya Januari 2025. Briar, nayo huria, haiombi namba. Bila intaneti inapitisha ujumbe kwa Bluetooth ama Wi-Fi kati ya simu zilizo karibu, yaani nyumba kwa nyumba, si Himbi hadi Ndosho. Inaweza hata kugawiwa toka simu moja hadi nyingine bila mega. Inakula batri, na kwa iPhone haiko.