Gari Linalala kwa Elfu Mbili, Mwenyewe kwa Mia Tano

BARAZANI
Na Athumani Kibwana

Saa tano kasoro usiku, Jumanne ya wiki iliyopita, nilikuwa kiti cha mbele cha IST ya mpwa wangu tukizunguka mitaa ya Sinza kutafuta pa kulaza gari. Sheli ya kwanza imejaa. Ya pili, mlinzi alitupiga tochi usoni kabla hatujasimama vizuri, akapunga mkono: hakuna nafasi, kesho wahini. Ya tatu walikuwa na nafasi moja, ukutani kabisa, nyuma ya lori la mchanga ambalo dereva wake, tuliambiwa, huondoka saa kumi na moja alfajiri "akiamka vizuri."

"Mjomba, hapa nikiingia sitoki," kijana akasema, akarudisha gia.

Yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja kwa sababu bado ana mitihani ya kufanya pale. Anaishi hosteli. Gari aliachiwa na marehemu baba yake, shemeji yangu, na si la fahari. Akitoka darasani jioni huwasha simu, akabeba abiria wa teksi mtandao mpaka saa nne, na humo ndimo inamotoka sehemu ya ada yake, pamoja na sare na nauli ya mdogo wake. Najua ukisikia mwanachuo ana gari unamfikiria mtoto wa kigogo aliyekuja kuringia mabinti. Wapo. Hao hawanihusu leo. Wakikosa pa kupaki, dereva wa baba anakuja kulichukua.

Kwenye geti la hosteli yao kuna kibao cha bati chenye herufi nyekundu: magari ya wanachuo hayaruhusiwi. Hakisemi yaende wapi.

Basi yanaenda kulala. Sisi watu wa mji huu mchana tunapaki gari, usiku tunalilaza, kama mtoto au mgonjwa, na ukilisikia neno hilo vizuri utajua biashara nzima ilivyo. Anayelaza gari halipii ardhi. Analipia mtu wa kukaa macho. Nenda sheli yoyote, au uwanja wa baa, au kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati, utamkuta mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, koti zito hata Januari, tochi kwapani, kaunta buku juu ya paja. Anaandika namba ya gari, anaandika saa, halafu pembeni anaandika "katoa" au "deni". Nililifungua la mzee mmoja kwa ruhusa yake. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa umande, na mwenye "deni" nyingi kuliko wote alikuwa mchungaji.

Bei niliyokutana nayo usiku ule ni shilingi 2,000 kwenye sheli. Uwanja wa baa ni 1,000, ila muziki ukiisha saa nane wateja wanatoka wamelewa na kurudi nyuma bila kutazama, na lazima uache ufunguo kwa sababu magari yanapangwa kama dagaa kwenye kopo. Ufunguo ukiuacha, una mambo yake. Mwezi wa tatu mpwa wangu alikuta betri imekufa. Mlinzi alikuwa amesikiliza mpira redioni, mechi nzima na dakika za nyongeza, akachajia na simu humo humo. Alipoulizwa alimpa kijana pole kwa kufungwa.

Vioo vya pembeni ni habari nyingine. Vimechongwa namba ya gari kwa herufi kubwa, taa nazo zimechongwa, na kila gari la mji huu limechorwa hivyo kama ng'ombe mwenye alama ya moto. Hata hivyo kimoja kiliondoka. Alikwenda kwenye maduka ya spea kutafuta kingine, akauziwa kilichosuguliwa namba ya mwenzake. Hakuuliza, wala mimi sikumuuliza kwa nini hakuuliza.

Nikamwambia tupige hesabu. Kulaza gari elfu mbili kwa usiku, usiku thelathini, ni 60,000, maana gari linalala hata siku ambayo halikufanya kazi. Kutoka sheli kurudi hosteli ni bodaboda, kwa sababu saa nne usiku huwezi kumwambia mtu atembee njia ile na hela ya mauzo mfukoni: 1,000, mara ishirini na tano, ni 25,000. Jumla 85,000 kwa mwezi. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 mwanachuo mwenye mkopo hupewa hadi shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, zile wanazoziita boom, zilizopanda kutoka 8,500. Kwa maana hiyo gari la mpwa wangu likilala sheli linakula siku nane na nusu za boom kila mwezi likiwa limezimwa. Na kitanda chake mwenyewe, ukikigawa kwa siku, kinafika shilingi mia tano. Gari linalala kwa bei ya watoto wanne wa watu.

Nilitaka kukilaumu chuo moja kwa moja, kalamu ilikuwa imeshashika moto. Halafu nikachukua futi. IST ina urefu wa karibu mita 3.9 na upana wa mita 1.7. Ukiongeza nafasi ya kufungua mlango, na njia ya kuingilia na kugeuzia, gari moja linataka kama mita za mraba 25. Magari mia moja ni mita za mraba 2,500, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira. Mwaka 2017, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yalifunguliwa mabweni ya Magufuli, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Ukinipa eneo la theluthi ya uwanja wa mpira na kuniuliza niweke vitanda au magari, nitaweka vitanda, na mpwa wangu nitamtazama machoni nikiwa nayaweka. Waliochora vyuo vyetu vikongwe, wakati Mlimani ikijengwa miaka ya sitini, walikuwa wanapangia vijana waliokuja na sanduku la bati. Hawakukosea.

Ila kuna jambo nililiona kwa macho yangu. Usiku ule ule, baada ya sheli ya tatu, tulipita nje ya uzio wa chuo chenyewe. Sehemu ya kupaki ya wafanyakazi iko upande wa barabara, taa zinawaka kama uwanja wa ndege. Nilihesabu kwa kupitia nondo za uzio: mistari 46 ya rangi nyeupe, gari moja. Hilo moja lilikuwa na matairi mabovu na majani juu ya kioo. Mlinzi yupo, analipwa, anatembea huku na huku akilinda lami.

Mchana sehemu hiyo haina pa kuweka hata baiskeli. Wahadhiri wanakuja asubuhi, wanaondoka alasiri. Mkaaji wa hosteli ni kinyume chao: anayetafuta riziki kwa gari analirudisha usiku na kulitoa asubuhi. Watu hawa wawili hawahitaji nafasi mbili. Wanahitaji moja, na mtu wa kuwagawia saa.

Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, aliyefariki Februari 2025, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusoma kitu ambacho wenzake walikiona cha kipuuzi: gari lililosimama. Kitabu chake cha mwaka 2005, The High Cost of Free Parking, kina kurasa zaidi ya 700 na ukikiangusha mguuni utachechemea. Alichoshikilia ni kwamba gari hukaa limesimama kiasi cha asilimia 95 ya muda wake, na kwamba hakuna maegesho ya bure. Ukiona hulipi, ujue gharama imejificha kwenye kodi ya nyumba au kwenye bei ya bidhaa dukani, na anailipa hata asiye na gari. Dawa yake ilikuwa bei: iwekwe ya kutosha tu kuacha nafasi moja mbili wazi kila wakati, na fedha irudi mtaa ule ule ilikotoka, ionekane.

Vyuo vya Marekani vimeyafanya maegesho kuwa siasa kamili. Katika chuo cha Berkeley, mshindi wa Nobel hupewa nafasi yake ya kupaki yenye kibao cha herufi NL. Gurnah wetu, mwandishi mtoto wa Unguja aliyepata Nobel mwaka 2021, angekuwa anafundisha Berkeley wakati huo badala ya kuwa mstaafu wa Chuo cha Kent, angepewa hiyo pamoja na medali, na nawajua watu wa mji huu ambao wangempongeza kwa nafasi kwanza. Ohio State nao waliona mbali zaidi, au karibu zaidi, sijaamua: mwaka 2012 waliwakodisha wawekezaji maegesho yao yote kwa miaka 50, wakapokea dola milioni 483 mkupuo. Fedha hiyo inatoka kwenye mifuko ya watu wanaopaki, na mwanachuo ni mmoja wao. Nalitaja hili mapema, maana najua wapo wakuu wa vyuo wanaosoma safu hii wakiwa na kikokotoo mkononi.

Ninalolitaka mimi ni dogo. Mwanachuo anayeishi hosteli na mwenye gari lililosajiliwa kwa jina lake au la mzazi wake apewe kibali cha usiku kwenye sehemu ya wafanyakazi, saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Alipe shilingi 1,000 kwa kila usiku anaolaza, kwa namba ya kumbukumbu kama anavyolipa ada, risiti itoke. Saa moja na nusu gari likiwa bado limekaa kwenye nafasi ya mhadhiri, mnyororo na faini, bila kusikiliza hadithi ya foleni. Magari arobaini yakilala humo, chuo kinapata 40,000 kila usiku kwa kazi ambayo mlinzi wake tayari anaifanya. Hela hiyo itengeneze bomba za hosteli, zile zinazotoa maji saa tisa usiku na hewa mchana.

Hapo ndipo tulipogombana na mpwa wangu. Yeye alitaka iwe bure. "Sisi ni wanachuo, Mjomba, na eneo ni la chuo." Nikamuuliza, yule mwenzako wa kitanda cha juu anayepanda daladala kwenda na kurudi, amekukosea nini hata alipie taa zinazomulika gari lako? Akanyamaza, akaongeza sauti ya redio. Bure kwa mwenye gari ni kodi kwa asiye nalo, na katika hosteli wasio nalo ndio wengi. Hilo sitalipindisha kwa sababu ya undugu.

Aliandika barua ofisi ya wanafunzi mwezi wa kumi na moja, nikiwa nimemsaidia kuondoa maneno makali. Jibu lilikuja Februari, mstari mmoja na muhuri: suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Bei ya muhuri naijua. Sijawahi kuona suala lililofanyiwa kazi namna hiyo likatoka limekamilika.

Na msomaji atauliza, miezi yote hiyo gari lilikuwa linalala wapi, hata Jumanne tukawa tunahangaika? Baada ya mkasa wa kioo alimpata bi mkubwa mmoja mjane, nyumba ya tatu kutoka hosteli, uwanja una geti la mbao na mwembe. Walikubaliana 30,000 kwa mwezi, na kila Jumatano ya kwanza ampeleke kliniki ya presha. Bei ile haipatikani mahali popote. Kasoro ilikuwa kuku, waliopenda kulala juu ya boneti kwa sababu ya joto la injini, na asubuhi gari lilitoka na rangi mbili. Bi mkubwa akawa analiita "mpangaji wangu". Siku likichelewa alikuwa anapiga simu kuuliza kama limekula.

Mwanaye amerudi kutoka Muscat mwezi huu, ameagiza Noah, na Noah inahitaji mwembe wote. Bi mkubwa aliomba radhi mara tatu, akamrudishia kijana nusu ya kodi.

Usiku ule wa Jumanne tuliishia kwangu Tabata. Gari lililala nje ya geti, mimi nililala na sikio moja wazi, na kila mbwa aliyebweka niliamka kwenda dirishani. Kijana aliwahi kuamka saa kumi na moja na bado hakuwahi kipindi cha saa moja.

Kwa hiyo naitumia nafasi hii kwa jambo la kifamilia, mhariri anisamehe. Kama una uwanja upande wa Sinza, wenye geti linalofungwa, tunahitaji mita nne kwa mbili. Mpangaji ni mkimya, halivuti sigara, linarudi saa nne na dakika chache. Elfu thelathini tunatoa, na kliniki tunapeleka. Kuku tumewazoea.