Vidonge vya Moyo Visikatizwe

Upasuaji wa moyo si jambo la ng'ambo tu. Katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala, moyo hupasuliwa na kutengenezwa, na mwenye kovu katikati ya kifua aweza kuwa jirani yeyote wa kambini.

Jambo wasilolitarajia jamaa ni kwamba moyo uliokwisha tengenezwa huweza kwenda mrama. Katika siku chache baada ya upasuaji, mgonjwa mmoja kati ya watatu au wanne hupotewa na mpangilio wa mapigo: vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujikaza, kama kwata ambayo kila askari apiga hatua yake mwenyewe. Damu isiyosukumwa vema huganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi.

Ili mapigo yaliyonyooka yasivurugike tena, daktari huweza kutoa dawa za kutuliza kasi ya moyo, au amiodaroni, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1961. Mara nyingi humezwa kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. Baba ajisikia mzima, ala ugali wake vizuri, kisha asema vidonge vimetosha. Laiti angejua kwamba utulivu huo huenda ni kazi ya vidonge vyenyewe! Wa kuvisimamisha ni daktari.

Hata hivyo amiodaroni si dawa ya mchezo. Yaweza kudhuru tezi ya shingo, ini na mapafu, na ngozi huungua upesi juani. Askari wa lindo la mchana avae kofia na mikono mirefu. Kikohozi kikavu au kuhema kusingoje siku ya miadi. Tena huiongezea nguvu wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata mgonjwa akaweza kutokwa damu. Kwa hiyo damu ipimwe mara kwa mara. Mama naye asijaze mboga za majani wiki hii na kuzinyima wiki ijayo.

Mwaka 1914 daktari Karel Wenckebach aliandika habari za mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyenyoosha mapigo yake kwa kwinini. Asiigwe. Kwinini pamoja na amiodaroni huweza kuuvuruga moyo vibaya, na baadhi ya dawa nyingine za malaria vivyo hivyo. Homa ikimshika mgonjwa, aonyeshe kwanza dawa zake zote zahanati.

Uhamisho ukija ghafula, karatasi za hospitali na vidonge viingie katika mfuko wa mkononi, si katika sanduku litakalofuata kwa lori.