Mito ya mpakani na biashara ya chambo: Nani analinda mazalia ya kambale?

Wakati wafanyabiashara wa nchi zinazozunguka Ziwa Victoria wakitupia macho zaidi bei ya minofu ya sangara katika masoko ya Ulaya, kuna samaki mwingine ambaye biashara hiyo inamtegemea na hazungumzwi sana. Huyo ni kambale, ambaye Wajaluo humwita mumi na Waganda humwita male.

Wavuvi wa sangara wanaotumia kamba ndefu zenye mamia ya ndoano huhitaji chambo kila siku, na kambale wadogo ndio chaguo lao kubwa. Sababu ni uvumilivu wake. Juu ya matamvua ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo hukaa hai ndani ya ndoo yenye maji kidogo na hata baada ya kutungwa kwenye ndoano. Uvumilivu huohuo hurahisisha kumsafirisha na kumvusha mpaka.

Swali ni wapi kambale hao wanatoka. Mvua za masika na za vuli zinapofurisha mito, kambale wakubwa huondoka ziwani, hupanda mito na kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Hutaga usiku, na jike mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mayai, ambayo hunata kwenye majani na kuanguliwa baada ya siku moja hadi mbili. Wazazi hawalindi watoto. Hurejea kwenye kina. Vifaranga hubaki katika vinamasi vya mafunjo, kisha hufuata maji yanapopungua.

Maana yake kibiashara ni kwamba samaki huyu hupita mlango uleule kwenda na kurudi, tena kwa wakati unaojulikana na kila mvuvi. Nyavu zikizibwa mdomoni mwa mto siku za mafuriko, wazazi hunaswa kabla ya kutaga. Wanaosaka chambo kwenye vinamasi nao humalizia watoto waliobaki.

Hali kama hiyo imekwisha kutokea. Ningu, samaki mwingine anayepanda mito hiyo kuzaliana, alikuwa tegemeo la uvuvi wa mito ya upande wa Kenya. Uvuvi huo uliporomoka katikati ya karne ya 20 baada ya nyavu za makila kuzagaa kwenye midomo ya mito. Kambale amestahimili zaidi kwa sababu hula karibu kila kitu na huishi hata kwenye madimbwi, lakini ustahimilivu huo una mwisho.

Ugumu unaongezwa na mipaka. Mto Mara unaanzia Kenya na kumwaga maji yake Tanzania kupitia kinamasi kikubwa. Mto Kagera unagusa Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda, na Mto Sio uko mpakani mwa Kenya na Uganda. Nchi moja ikifunga uvuvi na jirani akaacha wazi, samaki aliyeachwa ng'ambo hii hunaswa ng'ambo ile.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya kutotolesha vifaranga nchini Uganda na Kenya vimekuwa vikiwauzia wavuvi wa sangara kambale wa chambo. Hiyo ni nafuu kwa mito, lakini kazi yenyewe ina gharama. Jike hudungwa homoni ili atage, dume huchinjwa ili kupata mbegu, na vifaranga wanapopishana ukubwa hulana wenyewe kwa wenyewe, hivyo ni lazima watenganishwe mara kwa mara.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kifaranga wa kituoni ana bei, ilhali wa kinamasini anaonekana wa bure. Maadamu midomo ya mito iko wazi msimu wa kutaga, mwenye kituo hawezi kushindana.

Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyoundwa mwaka 1994 na yenye makao yake Jinja, ndiyo meza ambayo majirani wanaweza kukubaliana kufunga midomo ya mito pande zote kwa pamoja, kwa kufuata mafuriko badala ya tarehe za kalenda pekee. Wenye viwanda vya minofu wana kila sababu ya kulishinikiza jambo hilo, kwani chambo kikikosekana, ndoano za sangara nazo zitalala pwani.