Anayepanga Vigezo Ndiye Anayetunga Mtihani

Wanafunzi wenzangu wa ualimu, tukisikia "vigezo vya programu" wengi wetu tunaziba masikio. Eti hayo ni ya watu wa kompyuta. Mimi nasema hayo ni mambo yetu kabisa, na mfano ninao.

Wapo wagonjwa wa kifafa ambao dawa haziwasaidii. Baadhi yao hupasuliwa, na sehemu ya ubongo inayoanzisha kifafa ikaondolewa. Hapo hubaki shimo linalojaa maji. Daktari anataka kujua shimo hilo lina ukubwa gani na limefika wapi, ili alinganishe kilichoondolewa na hali ya mgonjwa baadaye. Kulichora kwa mkono kwenye picha za MRI, kipande kwa kipande, kunakula muda wa mtaalamu. Ndiyo maana watafiti wanaifundisha kompyuta ilichore yenyewe. Shida ni kwamba kompyuta hujifunza kwa mifano iliyokwisha kuchorwa, na hiyo ni michache.

Mwaka 2020, Fernando Pérez-García na wenzake wa London walitoa njia ya kuzunguka shida hiyo. Walichukua picha za ubongo ambao haujapasuliwa, wakaiagiza programu itoboe mashimo bandia. Kwa kuwa programu ndiyo iliyotoboa, mpaka wa shimo inaujua. Swali limekuja na majibu yake! Pia waliweka wazi picha za wagonjwa 430 wa kifafa waliopasuliwa London kati ya 1990 na 2018.

Sasa basi, programu haitoboi hivi hivi. Lazima mtu aiambie: ujazo wa shimo usipungue kiasi gani na usizidi kiasi gani, liwe la mviringo au lirefuke, kingo ziparuze kiasi gani, lianzie kwenye gamba la ubongo, lisivuke kwenda nusu ya pili, na ndani lifanane na maji. Hivyo ndivyo vigezo.

Mwalimu yeyote anaujua mchezo huu. Tunga mock ya mada mbili tu, darasa zima litang'ara, halafu NECTA ije na mada ya tatu. Mashine iliyozoeshwa mashimo makubwa inaweza kuliruka dogo. Tofauti ni kwamba mwanafunzi ataacha nafasi wazi na utajua hajui. Mashine itakuletea mchoro msafi tu, na anayelipia kosa hilo ni mgonjwa.

Kuna atakayesema: si upanue tu vigezo, mashimo ya kila aina yaingie? Haitoshi. Kupanua nako ni uamuzi, na unahitaji sababu. Mock yenye maswali nje ya silabasi haimpimi mtoto vizuri kwa sababu tu ni ndefu. Vipimo vitoke kwa wagonjwa halisi na kwa wapasuaji wanaojua wanakata wapi, halafu mashine ipimwe kwa mashimo ya kweli, siyo yale yale bandia iliyofundishiwa.

Na hapa linatuhusu sisi. Zana iliyopangwa kwa wagonjwa wa kifafa wa London ikiletwa Dar es Salaam kwa mgonjwa aliyeondolewa uvimbe, tuanze kwa kuuliza: vigezo hivi vilitoka kwa nani? Kwenye somo la upimaji na tathmini tunaliita suala la uhalali: je, mtihani unapima kile unachodai kupima? Tunalikariri kwa ajili ya UE, kisha tunalisahau getini.

Tusilisahau. Mwenzako wa kompyuta akionyesha mradi wake kwenye maonyesho ya chuo, usiishie kupiga makofi. Muulize mambo matatu: mipaka ya vigezo ni ipi, nani aliichagua, na nani ameachwa nje? Akijibu, tumejifunza wote. Akisema "programu ilikuja navyo hivyo", basi mtihani umetungwa na mtu asiyelijua darasa.