Baridi ya Julai si uvivu, lakini tusiisingizie kila kitu

Kuna kitu hutokea kwa kikundi chetu cha WhatsApp kila mwaka ikifika wiki ya pili ya Juni. Vichekesho vinapungua. Watu wanajibu "poa" halafu kimya. Yule msee wa Nkubu ambaye huwa na stori ya kila mtu anaanza kusoma jumbe bila kujibu. Kufikia Julai kikundi kimekufa kabisa, hadi Septemba jua likirudi ndipo mtu anauliza, "Wasee, kwani mlienda wapi?"

Hatukuenda popote. Tulikuwa hapa hapa, Makutano, Maua, Runyenjes, Kianjokoma, chini ya blanketi.

Kila nikiitaja hii baridi napata majibu ya aina mbili. La kwanza ni la wazee: Kenya haina majira ya baridi kama ya Wazungu, nyinyi vijana ni wavivu tu. La pili ni la wenzangu wa TikTok, ambao wamemsikia daktari wa Marekani akieleza huzuni ya msimu wa theluji na sasa kila mtu ako nayo. Naona pande zote mbili zimekosea, na nina sababu ya kujali. Nitaifikia.

Wazee wana pointi moja kubwa. Mstari wa ikweta unapita kusini kidogo tu ya mji wa Meru. Huku kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, Desemba kama Julai. Nenda Stockholm mwezi wa Desemba uone jua likitua saa tisa alasiri. Ile huzuni ya TikTok ilielezwa na daktari Norman Rosenthal na wenzake mwaka wa 1984 kule Marekani, na kifupi cha jina lake kwa Kiingereza kinasomeka kama neno la huzuni lenyewe. Kinachonifurahisha ni kwamba Rosenthal ni Mwafrika Kusini, mzaliwa wa Johannesburg. Alihamia New York miaka ya sabini, akaona kila siku zikifupika nguvu zinamwishia, na kila zikirefuka anarudi kuwa yeye. Mtu wa jua alipelekwa gizani ndipo akagundua kuna giza. Lakini ugonjwa alioueleza unahusu siku fupi, na siku zetu hazifupiki.

Sasa hapo ndipo wazee husimama na kupiga makofi. Ngojeni kidogo.

Siku zetu hazifupiki, zinafunikwa. Kati ya Juni na Agosti upepo unatoka kusini mashariki, umebeba unyevu wa Bahari Hindi, unagonga Mlima Kenya upande wetu huu wa mashariki na kulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu zito la chini linalokaa juu ya Embu na Meru kama sufuria iliyofunikwa. Hakuna mvua ya maana, ni rasharasha tu ya kulowesha hudi. Mlima wenyewe unaweza kumaliza wiki hatujauona. Na kinachouma zaidi, panda matatu ya Nanyuki siku hiyo hiyo. Ukishapita Timau mara nyingi utakuta jua limewaka na watu wamevaa tisheti, kwa sababu wao wako nyuma ya mlima na wingu limebaki kwetu. Idara ya Hali ya Hewa husema haya kila mwaka kwenye utabiri wa Juni hadi Agosti, na kila mwaka tunashangaa kama wageni.

Kwa hivyo tuna kitu chetu. Si theluji ya kwenye filamu, lakini si uvivu.

Nilijua hivyo kwa njia mbaya. Niliacha chuo mwezi wa Julai, mwaka wa pili, semesta ya pili. Sitataja chuo, hakina makosa. Watu wakiniuliza huwa nawaambia ni karo, na karo ilikuwepo kwenye hadithi, lakini ukweli ni kwamba nililala. Nilikuwa na bedsita yenye dirisha moja linalotazama ukuta wa ploti ya jirani. Nilikuwa naamka saa tatu, naangalia dirisha, naona rangi ya majivu, narudi kulala. Saa sita, majivu. Saa kumi, majivu. Nilikosa mtihani wa kwanza kwa kulala, wa pili kwa aibu ya ule wa kwanza, na wa tatu sikumbuki hata ulikuwa wa somo gani. Sikuwa nalia, wala sikuwa na huzuni ya kusimulia. Nilikuwa kama simu ya asilimia tatu, inawaka lakini huwezi kupiga nayo.

Mama alipopata habari alifoka wiki nzima. Halafu shosho akasema neno moja: "Mpelekeni huyu kwa jua." Nikapakiwa hadi kwa tata yangu, Mbeere.

Kama hujui Embu, kaunti hii ni nchi mbili. Juu, upande wa Manyatta na Runyenjes, ni majani chai, ukungu na gambuti. Teremka saa moja hivi hadi Mbeere, ni vumbi, mbuzi na muguka. Tata aliniamsha saa kumi na mbili siku ya kwanza nikawafungulie mbuzi, na hakuniuliza chochote kuhusu chuo. Baada ya siku kumi nilicheka. Nakumbuka kwa sababu nilishtuka kusikia sauti yangu.

Kwa miaka miwili nilisimulia hiyo stori kama ushahidi kwamba jua ndilo lililoniponya. Siku hizi sina uhakika. Kule Mbeere kulikuwa na jua, ndiyo. Kulikuwa pia na chakula mara tatu kwa siku, kazi ya mikono, binamu wanne wanaopiga kelele, na hakukuwa na mtu wa kunidai assainmenti. Ukitoa jua ukaacha hayo mengine, ningepona? Sijui. Ndiyo maana nawaomba wasee wa TikTok wasiwe wepesi wa kujipima ugonjwa kwa video ya sekunde thelathini.

Lakini suala la mwanga nimelisoma, na kuna kitu hapo. Wale madaktari wa huko hutibu huzuni ya msimu kwa taa yenye mwanga wa laksi elfu kumi, mtu anakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali. Bedsita yenye balbu moja ikifikisha mia mbili imejaribu sana. Nje, hata Julai, hata chini ya wingu letu zito, mwanga bado ni maelfu. Macho yanatudanganya kwa sababu yanazoea. Kwa hivyo mimi niliyejifungia ndani nikisubiri jua litoke ndipo nitoke, nilikuwa nimejinyima hata kile kidogo kilichokuwepo bure. Mama mboga wa pale stage, aliyekaa na boshori lake tangu saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa anapata mwanga kunishinda mara kadhaa. Sisemi ana furaha, baridi inamtesa. Nasema tu mwili wake unajua ni mchana.

Na mwezi je? Huwezi kuongea mambo haya Meru bila mtu kuleta mwezi. Utaambiwa mwezi mpevu huamsha wagonjwa wa akili, huleta kifafa, hufanya walevi wapigane. Watafiti wamepekua rekodi za hospitali mara nyingi wakitafuta huo uhusiano, na kwa jumla haujitokezi. Ila kuna utafiti mmoja wa mwaka wa 2021 ninaoupenda. Waliwavisha saa za kupima usingizi watu wa jamii ya Toba kule Argentina, wengine wakiwa hawana stima kabisa, wakakuta kwamba siku chache kabla ya mwezi mpevu watu hulala wakiwa wamechelewa na kwa muda mfupi zaidi. Hiyo naielewa bila kuwa profesa. Shosho anasema utotoni mbalamwezi ilikuwa ndiyo stima yao, watoto walicheza nje hadi usiku. Mtu asiyelala vizuri siku nne tano, hasira zitakuja, na lawama ataachiwa mwezi. Cha ajabu walipowapima pia wanafunzi wa Seattle, jiji la taa, wakaona dalili hizo hizo. Hapo mimi naachia wenye digrii. Hapa Makutano tuna mulika mwizi, mwezi tunauona kwenye picha.

Kitu ambacho watu hawataji wakiongea hali ya hewa ni pesa. Baridi ikiingia majani chai yanakua polepole, mchumaji anayelipwa kwa kilo anarudi na kikapu nusu. Bonasi iko mbali. Kwa hivyo ukiona baba yuko kimya Julai usikimbilie kusema ni mawingu, angalia kwanza M-Pesa yake. Au ni yote mawili, wingu lilifunika shamba kisha likamfunika yeye.

Na hapo ndipo chupa inaingia. "Kakitu ka kutoa baridi." Nimesikia hiyo sentensi kwa wanaume wa kila umri. Pombe haitoi baridi, inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto wakati mwili unalipoteza. Na Embu tunajua pombe ya bei ya chini inaweza kufanya nini. Mei 2014 kinywaji chenye methanoli kiliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Wengine waliobaki hai walipofuka. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa nalo ni hivyo hivyo, hewa yake ya sumu haina harufu. Nikiwa kwa ile bedsita nililala na jiko usiku mara mbili. Nikifikiria leo mikono inatetemeka.

Ndiyo maana hili jibu la "uvivu" linanichoma. Mtu ukishaitwa mvivu huwezi tena kusema haujiskii vizuri. Unanyamaza, unaongeza blanketi, unaongeza chupa. Hadi juzi tu, yaani hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kinakiuka katiba, mtu aliyejaribu kujiua Kenya na akaokolewa angeweza kushtakiwa. Fikiria uko kitandani hospitalini na polisi wako mlangoni. Nani angejitokeza mapema kusema mawazo yake yanamtisha? Sheria imesogea. Sisi bado tunasema "toka kitandani, kazi iko."

Mimi sasa nina mpango wangu wa Julai na si wa kupendeza. Nilihama ile nyumba nikatafuta yenye veranda, nalipa elfu moja zaidi na naiskia kila mwisho wa mwezi. Kahawa ya asubuhi nainywa nje hata kukiwa na ukungu, majirani wanadhani nangoja mtu. Nikikosa kuoga siku mbili nampigia tata. Na wiki hii nimeanza kumpigia yule msee wa Nkubu badala ya kumtumia jumbe. Jana alishika simu mara ya tatu. Alisema alikuwa amelala. Ilikuwa saa nane mchana. Nikamwambia avae, nakuja na boda, twende Timau.